Maneno Aliyofundishwa Nathanaël

Kila asubuhi, kabla mabati ya mtaa wa Ngezi hayajapata joto, Ornella alikuwa tayari kwenye bomba na bidoni, dumu lake la manjano. Alichota maji, akarudi nyumbani, akamwosha uso mdogo wake Caleb, kisha akavaa blauzi nyeupe na sketi ya bluu. Mama yake, Mama Valérie, alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, na majirani walipopita walimsalimu bila yeye kuondoa mguu kwenye kanyagio.

"Usichelewe masomo," alimwambia Ornella siku zote. "Na ukirudi, pitia dukani kwa dada Estelle uniletee uzi mweusi."

Ornella alikuwa na miaka kumi na tatu. Darasani hakuna aliyemshinda katika imla. Kifaransa aliandika bila kosa, na hata Kingereza, somo jipya lililowatesa wengi, alikiandika vizuri. Shida yake ilikuwa kukisoma kwa sauti. Maneno ya Kingereza aliyajua kwa macho tu. Hakuwahi kumsikia mtu akiyatamka nyumbani wala sokoni.

Siku moja mwalimu wao, Madamu Léontine, aliandika herufi nne ubaoni: o, u, g, h.

"Herufi hizi ni za ujanja," alisema. "Ukizikuta ndani ya neno, usifikiri unajua sauti yake. Hili hapa, 'cough', maana yake kikohozi. Tunasema 'kof'. Ornella, simama usome sentensi ya pili."

Ornella alisimama. Sentensi ilisema kwamba ingawa mvua ilikuwa inanyesha, mtoto alipita katikati ya msitu. Ndani yake kulikuwa na 'though', yaani ingawa, na 'through', yaani katikati ya. Ornella aliona herufi zilezile nne, akafanya kama alivyosikia sasa hivi. Mara mbili alisoma "kof".

Kwenye dawati la nyuma mvulana mmoja alipasuka kwa kicheko. Huyo alikuwa Nathanaël, aliyerudi mwaka uleule kutoka Uganda, ambako aliishi kambini na bibi yake miaka mingi. Kingereza alikisema kama maji yanavyotoka bombani.

"Mumesikia?" alipaza sauti. "Kikohozi kilikuwa kinanyesha, mutoto akapita kikohozi ku pori! Kof! Kof! Kof!"

Akajishika kifua, akainama, akakohoa kama mgonjwa. Darasa zima likamfuata. Madamu Léontine alipiga meza mpaka wakanyamaza, lakini Ornella alikuwa ameketi, na macho yake hayakuona tena ubao.

Wengine walidhani ni mzaha wa kawaida. Hawakujua kilichokuwa nyumbani kwa akina Ornella. Mwaka uliopita Caleb aliugua kifua kikuu. Alikunywa dawa miezi mingi mpaka daktari akasema amepona kabisa, lakini majirani kadhaa waliendelea kuwakataza watoto wao kucheza naye. Ornella alikuwa amesikia usiku mdogo wake akikohoa mpaka anatapika. Alikuwa amemwona mama yake akisubiri wateja wasiokuja. Sasa kila aliposimama darasani, mtu alikohoa. Bombani walimwita Madamu Kikohozi. Siku moja msichana mdogo alimwita hivyo mbele ya Caleb, na Caleb akauliza, "Ni juu yangu?"

Jioni hiyo Ornella aliapa kimoyomoyo kwamba Nathanaël atalipa. Hakutaka kumtukana, maana tusi linasahauliwa. Alitaka naye asimame mbele ya watu, acheke kila mtu isipokuwa yeye.

Nafasi ilikuja yenyewe. Shule yao ilialika shule ya jirani kwa Siku ya Kingereza. Kila shule ingetoa mwanafunzi mmoja wa kuandika ubaoni maneno yenye herufi zinazofanana lakini sauti tofauti, kuyatamka na kutunga sentensi. Madamu Léontine alikuwa amemfikiria Ornella kwanza, lakini Ornella hakusimama tena darasani. Akamchagua Nathanaël.

"Unasema vizuri," Madamu alimwambia, "lakini kuandika kwako ni pori tupu. Ornella atakufundisha. Ornella, unakubali?"

Ornella alimtazama Nathanaël, akatabasamu.

"Nakubali, Madamu."

Tangu hapo, baada ya masomo, wawili hao walibaki darasani na kipande cha chaki. Nathanaël alikuwa amejifunza Kingereza kwa masikio, akicheza na watoto wa Arua, huko Uganda, na kubeba mizigo ya watu. Alijua kusema 'rough', 'raf', kitu chenye mikwaruzo, lakini aliandika 'raf' vilevile alivyosikia. Ornella alimfundisha vizuri. Alimwonyesha, kama Madamu alivyokuwa amewaeleza, kwamba herufi zilezile nne zinaweza kusikika "o", kama kwenye 'though'. "U", kama kwenye 'through'. "Af", kama kwenye 'rough'. "Au", kama kwenye 'plough', jembe la kukokotwa na ng'ombe. Madamu alikuja kuwasikiliza, akaridhika.

"Weye uko mwalimu kweli," Nathanaël alimwambia siku moja, akampa pera. "Kumbe si ngumu."

Ornella alipokea pera. Kwa muda mfupi alijisikia vibaya. Lakini walipotoka nje, wavulana waliokuwa wanacheza mpira walianza, "Kof! Kof!" na Nathanaël akacheka pamoja nao. Hakuwaambia waache. Ornella alilitupa lile pera kwenye mtaro.

Siku ya mwisho kabla ya mashindano, Madamu hakuwepo. Ornella alifunga mlango wa darasa.

"Maneno tuliyo nayo hayatoshi," alisema. "Yule Yves wa shule ya jirani anayajua yote. Nitakupa mengine. Lakini usimwonyeshe Madamu. Tumushangaze kesho."

Nathanaël alisogea karibu. Ornella akachukua chaki.

"Si umeona 'though' inasikika 'o'? Basi 'go', kwenda, inaandikwa hivi." Akaandika 'gough'. "Na 'through' inasikika 'u'. Kwa hiyo kiatu, 'shu', ni hivi, na rangi ya bluu, 'blu', ni hivi." Akaandika 'shough' na 'blough'. "Na kahawa?"

Nathanaël alifikiri. Uso wake ukang'aa. "Ngoja! 'Cough' ni 'kof'. Kahawa ni 'kofi'." Akachukua chaki mwenyewe, akaandika kwa fahari: 'coughee'.

"Ni sawa kabisa," alisema Ornella.

Alimfanya ayarudie maneno hayo mpaka akayashika. Kisha akafuta ubao, akaufuta tena kwa kitambaa chenye maji, na ubao ukabaki mweusi kabisa.

Kesho yake uwanja wa shule ulijaa. Viti vya wageni viliwekwa chini ya turubai. Bibi yake Nathanaël, ambaye kila mtu alimwita Koko Espérance, alikuja mapema, akakaa mstari wa mbele. Alivaa kikwembe chake, kitenge kizuri cha kwendea kanisani. Hakujua Kingereza wala hakujua kusoma, lakini alimwambia kila aliyeketi karibu naye, "Yule mwenye kukaa pale ni mujukuu wangu."

Yves wa shule ya jirani aliandika kwanza. Aliandika taratibu, neno baada ya neno, na yote yalikubaliwa. Kisha Nathanaël akaitwa. Alianza vizuri. Aliandika, akatamka, akatunga sentensi nzuri kuliko za Yves, na Koko Espérance alipiga vigelegele kwa kila neno. Wakawa sawa. Lilihitajika neno moja la kushinda.

Nathanaël alimgeukia Ornella kidogo, akakonyeza jicho, akaandika 'gough'.

Mwamuzi, Bwana Constant, mwalimu wa shule nyingine, aliinua mkono. "Hilo ni neno gani?"

"'Go', mwalimu. Kwenda."

Koko Espérance alipiga vigelegele. Wanafunzi wa shule ya jirani walianza kutazamana.

"'Go' ina herufi mbili tu, kijana wangu."

"Hapana, mwalimu, ni kama 'though'!" Nathanaël aliona wanamcheka, akafikiri kwamba akiandika mengine wataelewa. Akaandika 'shough'. Akaandika 'blough'. Alipomaliza kuandika 'coughee', uwanja mzima ulikuwa unacheka. Yves alijishika tumbo. Mtu mmoja nyuma alipiga kelele, "Muletee kahawa ya kikohozi!" Koko Espérance peke yake aliendelea kupiga makofi, mpaka mama mmoja akamshika mkono na kumnong'oneza kitu sikioni. Mikono yake ikabaki hewani.

Ornella aliyaona yote. Moyoni alisikia utamu ambao hakuwahi kuusikia. Sasa na weye umejua, aliwaza. Sasa umejua.

Nathanaël aligeuka, akamnyooshea kidole. "Ni yeye! Ni Ornella alinifundisha hivi!"

Madamu Léontine, aliyekuwa amejaa haya mbele ya wageni, aliuliza, "Ornella, ni kweli?"

"Nilimufundisha yale Madamu alisikia," Ornella alijibu. "Hayo mengine ameyatoa kichwani mwake."

Nani asingemwamini? Ornella hakuwahi kukosea herufi. Nathanaël alitupa chaki chini, akakimbia. Prefe, mkuu wa shule, alisema kushindwa si kosa, lakini kumsingizia mwenzako mbele ya wageni ni kosa kubwa. Akamsimamisha masomo.

Jumatatu, baada ya masomo, Ornella alipokuwa akitoka bombani, Nathanaël alimzuia njiani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umefanya Koko wangu achekwe," alisema. "Nitakulipizia. Hata kama ni mwaka ujao, nitakulipizia."

Akachomoa msumari mfukoni, akatoboa bidoni mara nyingi. Maji yakamwagika juu ya sketi ya Ornella na viatu vyake. Kisha akaondoka bila kukimbia.

Ornella hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa binamu yake Antoine, kijana mkubwa aliyekuwa dereva wa moto, pikipiki ya kubeba abiria, akamweleza kwamba mvulana mmoja amemvamia na kuharibu bidoni yao. Yale ya ubaoni hakuyataja.

"Anapita wapi?" Antoine aliuliza.

"Kila siku saa kumi anapeleka makaa kwa wateja, kwenye njia ya nyuma ya kanisa."

"Basi. Mimi na wenzangu tutamungojea leo. Hatashika musumari tena mwaka huu."

Ornella alirudi nyumbani akiwa ameridhika. Alikaa barazani karibu na cherehani, akawa anaangalia saa kwenye simu ya mama yake.

Saa kumi ilipokaribia, mtu alibisha hodi. Alikuwa Koko Espérance. Alikuja kwa mguu kutoka upande wa pili wa mtaa, na mkononi alibeba bidoni. Haikuwa mpya. Ilikuwa imeoshwa vizuri kwa mchanga, na kamba ya mpini ilikuwa bado inaonyesha alama za mikono ya mtu aliyeitumia miaka mingi.

"Karibu, mama," alisema Mama Valérie, akaacha kushona na kumpa kiti.

Koko hakukaa. "Nimesikia mujukuu wangu ametoboa bidoni yenu. Niko naleta yangu. Na nimekuja kuomba musamaha kwa huyu mutoto musichana. Alimufundisha Nathanaël bure, bila kumuomba kitu, na yeye akamusingizia mbele ya watu wote. Haya imenishika. Sikumulea hivyo."

Akamgeukia Ornella, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa makaa.

"Wazazi wake walikufa siku moja, kule kwetu Djugu, nyumba zilipochomwa. Nilimubeba kwa mugongo mpaka Uganda. Sina mwingine. Lakini kama ameanza kuwa mutu wa uongo na musumari, nitamutuma kwa mujomba wake, kule Niania, akapakue malori. Masomo basi. Unisamehe, binti yangu."

Ornella alitaka kuutoa mkono wake, ukakataa kutoka. Alitazama ile bidoni. Mzee huyu atachota maji na nini kesho? Utamu wote aliokuwa nao uwanjani ulikwisha. Kisha akakumbuka saa.

"Koko, Nathanaël iko wapi?"

"Amepeleka makaa. Atakuwa nyuma ya kanisa sasa."

"Ni mimi!" Ornella alipiga kelele. "Ni mimi nilimudanganya! Maneno yote yale ni yangu! Na Antoine anamungojea, nimemutuma mimi, watamupiga!"

Mama Valérie alisimama, kiti kikaanguka. Hakuuliza kitu. Alimshika Ornella mkono, wakatoka mbio, na Koko Espérance akawafuata kwa kadiri ya nguvu zake.

Nyuma ya kanisa walikuta moto tatu zimezuia njia. Gunia la makaa lilikuwa limemwagika. Antoine alikuwa amemkamata Nathanaël ukosi wa shati, na mdomo wa Nathanaël ulikuwa unatoka damu. Mkononi alishika jiwe kubwa, amelinyanyua usawa wa kichwa cha Antoine. Kijana mmoja alikuwa anaokota fimbo.

Ornella alijipenyeza katikati yao. "Antoine, mwache! Nilikuficha ukweli! Mimi ndiye nilianza kumudanganya, akaaibika. Mwache!"

Antoine alimtazama, kisha akamtazama Mama Valérie aliyefika akihema.

"Mama mudogo, ni kweli?"

"Mwache mutoto wa watu," alisema Mama Valérie.

Antoine akaachia shati. Lakini Nathanaël hakushusha jiwe. Sasa alimwelekea Ornella.

"Umesikia wote walinicheka," alisema. "Umesikia walimucheka Koko."

"Nimesikia," alijibu Ornella. "Na weye ulipokohoa, mdogo wangu Caleb ndiye alisikia. Alikuwa na kifua kikuu. Aliniuliza kama mumenicheka juu yake."

Ilionekana wazi kwamba Nathanaël hakulijua jambo hilo. Wakati huo Koko Espérance akafika, kikwembe kimelegea, pumzi hana. Hakumgombeza mtu. Alikwenda kwa mjukuu wake, akafungua vidole vyake kimoja kimoja, akalichukua jiwe na kuliweka chini kando ya njia. Halafu akaketi palepale juu ya gunia.

"Kaeni," alisema. "Hata weye wa moto, kaa."

Wote wakakaa, hata Antoine.

"Nathanaël, ulipomucheka huyu, ulijua kwamba unamuumiza?"

"Nilijua kidogo, Koko," Nathanaël alisema chini chini. "Caleb sikumujua. Wakati alinifundisha nilitaka kumuambia pole. Nikaogopa wengine watanicheka." Alimgeukia Ornella bila kumwangalia sana. "Pole. Nitawaambia waache."

"Na weye, Ornella. Ulitaka kumupiga nani?"

"Yeye tu, Koko. Yeye peke yake."

"Yeye peke yake," Koko alirudia. "Lakini mimi ndiye nilikuwa napiga vigelegele pale mbele. Mwalimu wako alisimama mbele ya wageni akakosa pa kuangalia. Mama yako amekimbia barabarani kama mutu anayefukuzwa. Huyu kijana wa moto, kama jiwe lingemuangukia, tungemubeba ku hospitali, na kama fimbo yao ingemuua mujukuu wangu, angeoza gerezani juu ya jambo asilolijua. Wote hao hawakukufanyia kitu."

Ornella alilia sasa, bila kujificha.

"Niko nawaambia siyo kwa kuwatisha," Koko aliendelea. "Kule kwetu nilisikia kila mutu akisema, 'Ninamulipizia mumoja tu, kidogo tu, halafu ninaacha.' Nilimusikia wa upande wetu, na nilimusikia wa upande ule. Hakuna hata mumoja aliyeacha. Mutu akikukosea, umwambie mukubwa, umwambie yeye mwenyewe, useme kwamba umeumia. Hiyo inahitaji moyo kuliko kupanga kwa siri. Mungesema hivyo siku ya kwanza, bidoni ingekuwa nzima na mudomo huu usingetoka damu."

Mama Valérie alifuta uso wa Nathanaël kwa kitambaa alichokuwa nacho shingoni. Antoine na wenzake waliokota makaa, wakayarudisha ndani ya gunia, na mmoja wao akalipakia kwenye moto yake ili alipeleke kwa mteja.

"Sasa," alisema Koko Espérance, akimnyooshea Ornella mkono ili amsaidie kusimama, "Madamu Léontine anakaa wapi? Jua bado iko. Mutakwenda nyinyi wawili, mumuelezee yote, na kesho murudie mbele ya prefe na mbele ya wenzenu wa kalasi. Mimi nitakuja nyuma. Sitasema kitu. Nataka tu nisikie mukisema ukweli."

Ornella alitangulia kuonyesha njia. Nathanaël alimfuata, mwanzoni kwa mbali, kisha karibu. Nyumba ya Madamu haikuwa mbali, na mlango ulikuwa wazi. Ornella ndiye aliyebisha hodi.